Ndege ya Kivita Juu ya Lobedi: Shida ni Bawa, Si Uzito

Mpwa wangu anaendesha malori ya masafa marefu huko Marekani. Jumapili moja alinitumia picha kwa WhatsApp na maneno machache: "Shikamoo mjomba. Hiki nini, na kwa nini kinatembea barabarani?" Alikuwa New Mexico, kwenye kituo cha mafuta, jua linazama. Juu ya lobedi, lile tela la chini la kubebea mizigo mikubwa, kulikuwa na kitu kirefu cha kijivu, rangi imepauka kama ubao wa mtumbwi ulioachwa juani. Pua imefungwa turubai. Mabawa hakuna. Magurudumu makubwa hakuna. Tumbo limekalishwa juu ya magogo yaliyochongwa kufuata umbo lake. Nyuma kabisa, vibawa viwili vya mkia vimeinama kuelekea chini kama masharubu ya mzee.

Masharubu hayo ndiyo yaliyonijulisha. Ni F-4 Phantom, ndege ya kivita iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, ikapigana Vietnam, na jeshi la Marekani halikuiacha kabisa hadi mwaka 2016, wakati huo ikitumika kama shabaha ya mazoezi ya makombora. Nikamwandikia hivyo. Akajibu kwa malalamiko: "Sasa mjomba, mimi na viazi vyangu nimehangaishwa mizani, hilo dude limepita kama upepo!"

Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Watu wengi wakiona ndege juu ya lori hufikiria uzito. Lakini ndege imeundwa iwe nyepesi, la sivyo isingeruka. Phantom tupu, bila mafuta wala silaha, ina kama tani 14. Sheria ya barabara kuu za Marekani inaruhusu lori na mzigo wake kufika pauni 80,000, yaani tani 36 na kidogo. Kwetu Afrika Mashariki tunaruhusu zaidi ya hapo: lori lenye ekseli saba linaweza kufika tani 56. Dereva wa saruji anayepita mizani ya Vigwaza, Tanzania, amebeba uzito wa Phantom mbili na hajioni kuwa amefanya ajabu lolote.

Tatizo la ndege ni umbo. Njia moja ya barabara kuu ya Marekani ina upana wa futi 12, kama mita 3.7, na gari la kawaida haliruhusiwi kuzidi mita 2.6. Phantom, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ina mita 11.7. Ilibuniwa kwa ajili ya manowari zinazobeba ndege, kwa hiyo ncha za mabawa yake hukunjwa juu. Ukizikunja zinabaki mita 8.4. Bado ni njia mbili na zaidi, na hapo hujahesabu nguzo, vibao wala kuta za madaraja.

Kwa hiyo kila safari ya namna hii ina njia mbili tu: ama ndege ipunguzwe iingie barabarani, ama barabara ipunguzwe ndege ipite. Mambo mengine yote, vibali, ving'ora na kreni, yanafuata baada ya uamuzi huo.

Tuanze na barabara, maana kisa chake kikubwa kinahusu ndege ambayo haikuwa imestaafu bado. Haikuwa hata imeruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Lockheed ilikuwa ikiunda ndege ya ujasusi ya CIA iliyoitwa A-12 katika kiwanda chake cha Burbank, California. Ilikuwa siri kubwa, na uwanja wa kuijaribia ulikuwa Groom Lake, jangwani Nevada, mahali ambapo dunia nzima sasa inapajua kwa jina la Area 51. Kuirusha kutoka Burbank, mjini kabisa, ilikuwa haiwezekani bila watu kuiona. Basi ikaamuliwa iende kwa barabara, ndani ya sanduku.

Juni 1961 watu walitumwa kuipima njia yote. Wakarudi na jibu kwamba mzigo wenye upana wa futi 35 na urefu wa futi 105 unaweza kupita, yaani mita 10.7 kwa mita 32. Fikiria jengo la madarasa manne linalosafiri. Vibao vya barabarani vilivyokuwa vikizuia viling'olewa, miti ikapogolewa, kingo za barabara zikasawazishwa, na polisi wa maeneo yale wakaelezwa kiasi cha kutosha wasije wakauliza mengi. Tela la kazi hiyo peke yake liligharimu kama dola 100,000 za wakati ule. Februari 26, 1962, kiwiliwili cha A-12 ya kwanza, mabawa yakiwa yametolewa, kiliondoka Burbank kikiwa kimefunikwa. Mwisho wa Aprili ndege ileile ilikuwa angani.

Hapo barabara ndiyo iliyokubali kukatwa. Serikali ikiwa na haja na fedha, mti haupingi. Los Angeles waliona jambo hilohilo Oktoba 2012, ingawa safari hiyo haikuwa ndege ya kijeshi: chombo cha anga za juu Endeavour kilivutwa mitaani kwa siku tatu, kilomita kama 19, kwenda jumba la California Science Center. Mabawa yake ya mita 24 hayakuweza kutolewa bila kuharibu vigae vya kuzuia joto. Miti kama 400 ikakatwa, na wakazi wakaahidiwa kupandiwa mingine mingi zaidi. Nje ya jumba hilohilo imesimama A-12 moja, ile ya kufundishia marubani. Sijui kama watoto wanaopiga picha hapo wanajua kwamba vyote viwili vilisumbua barabara.

Lakini Phantom ya mpwa wangu haina serikali ya kuikatia miti. Mara nyingi mzigo kama ule ni wa makumbusho madogo, au wa mtu aliyeomba michango, na fedha zinazohesabika. Hapo barabara inabaki ilivyo, ndege ndiyo inayopungua.

Kupunguza ndege si kama kuvunja kitanda. Bawa linabeba uzito wote wa ndege ikiwa hewani, na nguvu hizo hupitia boriti kuu inayolala ndani ya bawa na kuingia kwenye kiwiliwili. Swali la fundi ni moja tu: boriti hiyo inaishia wapi? Kwa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, iliishia ubavuni, kwa bolti. Ndiyo maana wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walizibeba Spitfire zilizoharibika kwa mamia juu ya tela refu sana, kiwiliwili katikati na mabawa yamesimamishwa ubavuni. Tela hilo lilitengenezwa na kampuni ya Taskers ya Andover, na watu wakalibatiza "Queen Mary" kwa sababu urefu wake uliwakumbusha meli kubwa ya jina hilo.

MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, nayo ni rafiki wa wasafirishaji. Ina mita 7 na kidogo kutoka ncha hadi ncha, na mabawa yake hufunguka. Zaidi ya hapo, nusu ya nyuma ya kiwiliwili hutolewa nzima, maana ndivyo mafundi wanavyoifikia injini. Yaani mwundaji wake alishaiweka tayari kwa lori bila kukusudia. Uganda ilikuwa nazo enzi za Amin, na binamu yake wa Kichina, F-7, amekuwa katika jeshi la Tanzania. Siku moja moja ya hizo ikipelekwa makumbusho, nadhani wenye lobedi wa Dar watashangaa jinsi ilivyo ndogo.

Phantom ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya bawa lake ni kipande kimoja kinachopita chini ya tumbo, kutoka mkunjo wa kulia hadi mkunjo wa kushoto. Huwezi kutoa bawa la kushoto peke yake. Unatoa lote, pamoja na magurudumu makubwa, kwa sababu magurudumu yamefungwa kwenye bawa. Inabidi kiwiliwili kiinuliwe kwa kreni, bolti moja baada ya nyingine zilizolala na kutu miaka arobaini zifunguliwe, kisha bawa litolewe chini kama sinia chini ya sufuria. Bolti isiyotaka kutoka hupakwa mafuta, hupashwa moto, hugongwa, hutukanwa. Wengine hukata tamaa wakaleta msumeno. Na bawa lenyewe likishatoka bado ni mzigo mpana, linahitaji tela lake la pili. Ndiyo maana niliona magogo katika picha ya kijana: ndege haikuwa na miguu ya kusimamia.

Kabla hata ya spana kuguswa kuna kazi nyingine ambayo mpiga picha wa barabarani haioni. Mafuta hutolewa, na mvuke wake pia, kwa sababu tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Betri hutolewa. Kiti cha rubani kinachorushwa nje wakati wa ajali kina baruti ndani yake, na baruti haijui kwamba ndege imestaafu. Lazima itolewe na mtu aliyefundishwa, na karatasi isainiwe. Kwenye ndege za zamani, mishale ya vipimo iliyokuwa iking'aa gizani ilipakwa rangi yenye radiamu, nayo bado inatoa mionzi. Kisha kuna usawa wa uzito: ukitoa injini, uzito wa nyuma unapungua, na lile gogo ulilodhani liko katikati haliko tena katikati. Ndege iliyosimama vizuri jana inaweza kupiga pua chini leo kwa sababu mtu ametoa kifaa kimoja tu.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini wasiivute kwa magurudumu yake yenyewe. Swali zuri. Tairi la ndege limetengenezwa kwa ajili ya kishindo kikubwa cha muda mfupi, kisha lipumzike. Ukilivuta mwendo mrefu joto linajikusanya ndani yake haraka kuliko linavyotoka. Hata viwanjani marubani huwa waangalifu wakitembea ardhini kwa muda mrefu. Kilomita mia tano za lami haziwezekani.

Na kuirusha? Ndege iliyokaa jangwani miongo kadhaa hairuki kwa sababu tu mtu ana hamu. Hilo wanalijua vizuri Tucson, Arizona, kwenye kambi ya Davis-Monthan, ambako jeshi la Marekani limeegesha maelfu ya ndege zake. Walipachagua kwa sababu hewa ni kavu na ardhi ni ngumu kiasi kwamba ndege inasimama bila lami chini yake. Wengi hupaita makaburi, lakini ni makaburi ambayo wafu wake wengine hufufuka. Ndege mbili za B-52, yaani zile kubwa za kudondosha mabomu, zilizopewa majina ya "Ghost Rider" na "Wise Guy", zilitolewa humo zikarudi kazini, moja kuziba pengo la iliyoungua moto na nyingine la iliyoanguka Guam. Lakini kazi ya kuzifufua ilichukua miezi mingi na mafundi wengi. Kwa ndege ya makumbusho, hesabu hiyo haipo kabisa.

B-52 hiyohiyo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jambo ambalo ningependa mtu alitazame siku akikutana na mzigo wa namna hii, nalo ni mahali ilipokatwa. Ndege moja inaweza kukatwa kwa namna tatu tofauti kabisa, na kila namna inakwambia inakokwenda.

Ya kwanza ni ya kuchinja. Marekani na Umoja wa Kisovieti walipokubaliana kupunguza silaha za nyuklia kwa mkataba wa START, B-52 zipatazo 365 zilipaswa kuharibiwa, na kuharibiwa kwa namna ambayo upande wa pili ungeweza kuthibitisha. Pale Tucson kreni iliinua kisu cha chuma cha karibu tani sita na kukiachia kianguke juu ya ndege. Kila moja ilitenganishwa vipande vitano, kisha vikaachwa wazi vilivyo ili satelaiti za Warusi zivipige picha. Hapo hakuna aliyejali boriti inaishia wapi. Chuma kilichopondwa, kingo zilizopinda, waya zinaning'inia: hiyo inaenda kuyeyushwa.

Ya pili ni ya shule. Januari 2022 B-52 nyingine, namba 61-0009, jina lake "Damage Inc. II", iliondoka Tucson kwa barabara kwenda Oklahoma City. Haikuwa inaenda makumbusho wala kuyeyushwa. Jeshi linataka kuziweka B-52 hewani hadi miaka ya 2050, kwa injini mpya na rada mpya, na ndege hizo ziliundwa kwa michoro ya karatasi. Ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962. Mchoro wa karatasi unakwambia shimo lilipaswa kuwa wapi. Hautakwambia fundi wa mwaka 1961 alilitoboa wapi hasa. Kwa hiyo Boeing walihitaji B-52 halisi ya kupimia vifaa vipya kabla ya kugusa zile zinazoruka. Mabawa ya B-52 yana mita 56 kutoka ncha hadi ncha, hakuna barabara duniani itakayokubali hilo, ikabidi ikatwe. Lakini ilikatwa na watu wenye rula. Walichukua kiwiliwili na bawa moja la kushoto, basi, maana bawa la pili ni taswira ya la kwanza kwenye kioo. Ukikata kwa ajili ya kupima, huruhusiwi kupoteza vipimo.

Ya tatu ni ya makumbusho, ambako hukati ukiweza kufungua. Mwaka 2005 ndege ya mabomu ya B-17 iitwayo "Memphis Belle", moja ya mashuhuri kabisa za Vita Kuu ya Pili, ilifunguliwa Memphis ikapelekwa Dayton, Ohio, kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Marekani. Mji wa Memphis ulikuwa umeinunua baada ya vita kwa dola 350, bei ya chuma chakavu, na ikasimama nje kwa miaka mingi mvua ikiinyeshea na watu wakichomoa vipande vya ukumbusho. Dayton waliitengeneza kwa miaka zaidi ya kumi na kuionyesha tena Mei 2018. Ingekatwa kwa msumeno siku ile ya kuondoka, sehemu ya miaka hiyo ingeishia kuunganisha majeraha ya safari.

Hapa kuna jambo la umiliki ambalo huwachanganya watu, nami lilinichanganya. Ndege nyingi za kijeshi kwenye majumba madogo ya Marekani hazimilikiwi na majumba hayo. Zimeazimwa, na mwenyewe anaweza kuzidai. A-12 moja ilikaa Minneapolis, wajitolea wakaisugua na kuipaka rangi kwa mikono yao. Mwaka 2007 CIA walitaka moja ya kuweka makao makuu yao Langley, Virginia, kwa ajili ya miaka 60 ya shirika hilo. Ikafunguliwa ikapelekwa. Waliokuwa wakiitunza hawakufurahi, nawaelewa, lakini karatasi ndiyo karatasi. Ndege iliyoanza maisha ya jamii yake kwa kufichwa ndani ya sanduku sasa imesimama juu ya nguzo mbele ya ofisi za majasusi.

Vibali navyo ni kero yake. Marekani kila jimbo linatoa kibali chake, kwa masharti yake. Kutoka Arizona kufika Oklahoma kwa njia ya kawaida unapita New Mexico na Texas, na kila mpaka una masharti mapya. Majimbo mengi hayaruhusu mzigo mpana kutembea usiku, na ndiyo sababu kijana aliikuta Phantom imeegeshwa jua likizama. Mbele ya mzigo huenda gari dogo lenye fimbo ndefu inayopinda, iliyopimwa kuzidi kidogo kimo cha mzigo. Fimbo ikigusa daraja, dereva wa lori anapigiwa redio asimame. Teknolojia yote hiyo ya ndege ya mwendo wa mara mbili ya sauti, inalindwa na ufito.

Baada ya kumweleza yote haya kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa (aliniomba radhi kwamba ameusikiliza kwa kasi maradufu), akauliza: "Kwa hiyo mjomba, hii inaenda kuchinjwa au kupumzishwa?" Nikamwambia asiniulize mimi. Asubuhi, kabla hawajaondoka, azunguke ubavuni atazame chini ya tumbo, pale bawa lilipokuwa linapita. Atazame kingo.

Saa kumi na mbili za huko nikapata picha mbili. Ya kwanza ni tumbo la ndege kwa karibu: mstari wa matundu ya mviringo, kingo zake safi, moja limeng'aa kidogo pale spana iliposugua rangi. Ya pili ni mfuko wa nailoni uliofungwa kwa utepe wa gundi kwenye fremu ya chuma, umejaa bolti nene zenye grisi, na juu yake mtu ameandika namba kwa kalamu nyeusi, kutoka 1 hadi 8. Nyuma, kwa mbali, tela la pili na bawa juu yake, limeinamishwa, limefunikwa turubai la bluu.

Chini ya picha hakuandika swali tena. Aliandika tu kwamba dereva wa lobedi ni Mmeksiko mzee, kwamba wamekunywa kahawa pamoja, na kwamba viazi vinaelekea Amarillo.